Saa 14 za Mwanamke wa Kijijini: Mwalimu Nyerere na Hesabu ya Jasho

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, wengi hulikumbuka kwa mambo mawili: kutaifishwa kwa mabenki na miiko ya uongozi. Kuna sehemu yake moja ambayo haitajwi sana majukwaani. Ni pale linapoieleza kazi kuwa sharti la maendeleo, kisha linaanza kuhesabu saa. Mfanyakazi wa mshahara, linasema, anafanya kazi wastani wa saa 45 kwa wiki, na kila mwaka ana wiki mbili tatu za likizo. Mwanamke wa kijijini, kuna nyakati anafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku moja. Jumapili yumo, sikukuu yumo. Hakuna mtu Tanzania anayefanya kazi kumzidi. Kisha linafuata neno ambalo bila shaka liliwachoma wengi: wanaume wa vijijini, pamoja na baadhi ya wanawake wa mijini, wako likizo nusu ya maisha yao, na nguvu zao zinaishia kwenye porojo, ngoma na pombe.

Zidisha saa 14 kwa siku saba, utapata 98. Ni zaidi ya mara mbili ya saa za yule wa mjini, tena bila mshahara na bila likizo.

Naamini hapo ndipo ulipo urithi wa Mwalimu Nyerere, rais aliyeliasisi Azimio hilo, unaowafaa zaidi wanaopigania usawa wa wanawake leo. Ni rahisi kuwasifu akina mama jukwaani, kuwaita walezi wa taifa na nguzo ya familia, lakini sifa haimpunguzii mtu mzigo. Azimio liliuliza nani anatoka jasho na nani analila jasho hilo. Ukishauliza hivyo, huna budi kuuliza pia juu ya shamba, maji, ndoa na mirathi, na majibu yake hayapatikani kwa kupiga makofi.

Fikra hii haikuanza Arusha. Mwalimu Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi. Kijana aliyekulia katika boma la namna hiyo hakuhitaji kusimuliwa nani anayelima, nani anayesaga na nani anayekwenda mtoni. Alipokuwa Makerere miaka ya 1943 hadi 1945 alikutana na maandishi ya John Stuart Mill juu ya kutiishwa kwa wanawake, akaandika insha akizipima hoja za Mwingereza yule wa karne ya 19 kwa maisha ya makabila ya Tanganyika. Insha ilishinda tuzo mwaka 1944. Ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake, kwa jina la Uhuru wa Wanawake. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema usawa wa kijinsia ni jambo la wafadhili, limeletwa na mkutano wa Beijing juu ya wanawake na fedha za miradi. Mwalimu aliufikiria akiwa mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu, miaka kumi kabla ya chama cha TANU kuzaliwa.

Tena hakuificha aibu ya nyumbani. Katika maandiko yake juu ya ujamaa vijijini, ya mwaka huohuo wa Azimio, aliisifu jamii ya jadi kwa kuheshimiana, kumiliki mali kwa pamoja na kila mtu kufanya kazi. Halafu akakiri kwamba jamii hiyo ilikuwa na kasoro mbili kubwa, umaskini na hali duni ya mwanamke, ambaye alifanya kazi kupita sehemu yake ya haki, shambani na nyumbani. Kwa mtu aliyejenga falsafa nzima juu ya familia ya Kiafrika, kukiri hivyo kulikuwa kujikosoa hadharani, na heshima yangu kwake inaongezeka kila nikifika hapo.

Hata hivyo tusimpe Mwalimu sifa zisizo zake. TANU ilipoanzishwa Julai 7, 1954, waasisi wake 17 wote walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata alifika Dar es Salaam John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza: wanawake wa chama hiki wako wapi? Swali hilo lilimleta mbele Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu mwenye umri usiofika miaka 30, mwenye elimu ya shule ya msingi tu, na mwimbaji hodari wa kikundi cha ngoma cha Bomba.

Mbinu yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Hakuanza na ofisi wala vipeperushi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, ambavyo kila kimoja kilikuwa na wanachama wake, michango yake, sare zake na utii wake. Aliyemkubali kiongozi wa kikundi, aliikubali na TANU. Wakaingia wapika pombe, wauza vitumbua, wanawake waliokuwa wameachika na kujitegemea, wanawake wa makabila mbalimbali waliokuwa wakiimba pamoja kwa Kiswahili. Katika miezi michache walijiandikisha wapatao 5,000. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao wakiwa wamezeeka na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, alionyesha kuwa wao hawakupokea utaifa uliotengenezwa na wasomi. Walikuwa wakiuishi tayari mitaani kwao kabla Nyerere hajaupa jina la chama. Kwa hiyo tunapotaja fikra za Mwalimu juu ya usawa, tuwahesabu na waliomfundisha. Kijana wa Makerere alikuwa na hoja. Wanawake wa Kariakoo na Ilala walikuwa na watu.

Mwisho wa Bibi Titi katika siasa unauma. Aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika tangu ulipoundwa mwaka 1962, akawa waziri mdogo. Mwaka 1967 aliachia nafasi yake katika uongozi wa chama kwa kutokubaliana na miiko ya uongozi iliyokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake lilipungua katika simulizi za chama alichokijaza watu. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Miiko ilikuwa ya haki kwa viongozi wote, sina ubishi. Lakini kwa mwanamke asiye na elimu ya ofisini wala shamba la ukoo, nyumba ya kupangisha ndiyo ilikuwa uhuru wake kutoka kwa mume na ndugu, na hilo halikuingizwa katika hesabu.

Sheria nazo zilivutana. Mwaka 1963 serikali ilizitangaza kanuni za sheria ya mila kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Katika mirathi, mtoto wa kiume wa kwanza aliwekwa daraja la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Riziki yake ni kutunzwa na watoto wake. Yule yule aliyelima saa 14 aliambiwa, mume akifa, kwamba shamba si lake. Lengo lilikuwa kuunganisha mila za makabila mengi ziwe mfumo mmoja, lakini kalamu ya serikali huru iliugandisha ubaguzi ambao hapo kabla ulikuwa ukijadiliwa na kubadilika barazani.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwenda njia nyingine. Ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Ilitamka kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Ilitaka mahakama, ndoa inapovunjika, igawe mali kwa kutazama mchango wa kila mmoja. Kwa Afrika ya wakati ule ilikuwa sheria ya mbele. Na ndani yake ikaacha tundu moja kubwa: msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri mpaka 18.

Kwa maji sina budi kusimama kidogo, maana humo ndimo hesabu ya saa ilipogeuka kuwa mpango. Mwaka 1971 serikali iliweka lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi si zaidi ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mita 400 si namba ya wahandisi peke yao. Ni umbali ambao mwanamke anaweza kwenda na ndoo na kurudi kabla mtoto hajaamka. Lengo halikufikiwa mwaka 1991. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vikala fedha, mashine zikafa kwa kukosa vipuri. Sera ya Maji ya 2002 bado ilitaja mita 400 zilezile. Siku hizi tunasikia kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, na ni kaulimbiu njema. Nusu karne imepita tangu ahadi ya kwanza.

Vijijini, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya watu, mara nyingine kwa nguvu, na ardhi mara nyingi ikagawiwa kwa mkuu wa kaya, yaani mwanamume. Hapo ndipo naona Mwalimu alipokwama. Aliingia kijijini, akafika mpaka shambani, lakini mlangoni kwa kaya akasimama. Ndani ya kaya mgawanyo wa jasho na mavuno ulibaki kama ulivyokuwa.

Waliovuka mlango huo ni wanawake wenyewe, na baadhi ya majaji. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwenyewe hakupata fungu katika nyumba aliyoidai, kwa sababu zinazohusu fedha alizokuwa amepewa na mumewe, lakini kanuni ilisimama. Kupika, kufua na kulea, kazi ambazo hazikuwa na bei, zikapata uzito mbele ya sheria. Ukiuliza fikra ya Azimio juu ya jasho la mwanamke imezaa nini mahakamani, jibu langu ni hukumu hii. Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya alitambua haki ya Holaria Pastory ya kuuza shamba la ukoo kama ambavyo mwanamume angeruhusiwa, akitegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 na mkataba wa kimataifa wa haki za wanawake ulioridhiwa mwaka 1985, Mwalimu akiwa bado Ikulu. Sheria za ardhi za 1999 zikaandika usawa huo waziwazi, na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, likatakiwa liwe na wanawake wasiopungua watatu. Tundu la miaka 15 nalo lilipelekwa mahakamani na Rebeca Gyumi. Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali.

Leo Tanzania imepata Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 19, 2021, na wabunge wanawake wamepita theluthi ya Bunge, wengi wao kwa viti maalumu. Ni hatua kubwa. Lakini kipimo cha Azimio hakikuwa viti. Kilikuwa saa za kazi na nani anafaidi matunda yake, na kwa kipimo hicho mwanamke wa kijijini bado anadai.

Basi msomaji, ukihudhuria mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, uliza mambo matatu. Hati za hakimiliki za kimila zinaandikwa majina ya nani, mume peke yake au wote wawili? Kituo cha maji kilicho karibu kina umbali gani, na kikiharibika nani anaamua fedha za kukitengeneza? Wanawake wa Baraza la Ardhi wanaitwa kwenye vikao, au wanapelekewa karatasi za kutia saini? Na wabunge wetu, kanuni za mirathi za 1963 zinazomweka mjane chini ya huruma ya watoto wake zipelekeni Bungeni zifutwe.