Umeme, maji ya chumvi na utomvu wa mti

Leo tuongelee swali linaloonekana dogo: umeme uliwezaje kuishi baharini?

Aliyewahi kudondosha simu kwenye maji pale Coco Beach anajua uchungu wake. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Ukitumbukiza waya mtupu, umeme unavujia majini kabla haujafika popote. Katika miaka ya 1840 Wazungu walikuwa na telegrafu nchi kavu, lakini bahari iliwashinda. Walikosa kitu cha kuuvika waya.

Jibu lilitoka Asia. Wamalay walikuwa wakitumia utomvu wa mti fulani kutengenezea mipini ya visu. Daktari Mwingereza aliyefanya kazi Singapore, William Montgomerie, aliuona na mwaka 1843 akapeleka sampuli London. Utomvu huo, gutapecha, hulainika kwenye maji moto na kukakamaa kwenye baridi. Chini ya bahari, penye baridi na giza, hudumu miaka mingi.

Mwaka 1850 waya uliovikwa gutapecha ulilazwa kati ya Uingereza na Ufaransa, ukakatika karibu mara moja. Wa mwaka 1851 ulizungushiwa nyaya za chuma, ukafanya kazi. Mwaka 1858 ikaja zamu ya Atlantiki. Wildman Whitehouse, mtaalamu wa umeme wa mradi, akasukuma volti zipatazo 2,000 kwenye mkongo uliokuwa tayari na kasoro. Ndani ya wiki chache ukafa! Uliodumu ulikamilika mwaka 1866. Mwaka 1879 mkongo wa kutoka Aden ukafika Zanzibar.

Lakini kuna upande ambao hausimuliwi sana. Mti huo haukugemwa taratibu kama mpira; uliangushwa wote, kwa utomvu kidogo tu. Kadiri mikongo ilivyoongezeka, ndivyo misitu ya Malaya ilivyokwisha. Nafuu ilianzia maabara ya Uingereza mwaka 1933, ilipogunduliwa plastiki ya politheni, ndugu wa ile mifuko ya rambo tuliyoipiga marufuku mwaka 2019. Ndiyo iliyovishwa mkongo wa simu wa Atlantiki wa mwaka 1956, uliokuwa na vikuza sauti vya valvu vilivyofungiwa ndani na kuzamishwa. Ulifanya kazi hadi 1978. SEACOM ilipofika Dar mwaka 2009, mwanga ndio ulibeba ujumbe, lakini vikuzaji vyake vilihitaji umeme, na umeme huo bado unalindwa na politheni.

Kinachonisumbua ni hiki. Vitabu vinamtaja Montgomerie kwa jina. Waliomwonyesha utomvu wanabaki kuitwa “wenyeji” tu. Ujuzi ulikuwa wao, msitu ulikuwa wao, sifa zikaenda London. Na sisi Waafrika, ni mangapi yetu yameandikwa hivyo hivyo?

Tafakarini. Tuko pamoja.