Tom Feelings: Kijana wa Brooklyn na Vitabu vya Kiswahili

Mwaka 1972 tuzo ya Caldecott, inayotolewa na wakutubi wa Marekani kwa picha za vitabu vya watoto, ilikitaja kwa heshima kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili. Kinaitwa Moja Means One. Maneno ni ya Muriel Feelings, picha ni za mumewe, Tom. Kabla ya Tom hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kupata heshima hiyo. Mwaka 1975 akaipata tena kwa Jambo Means Hello, kitabu cha alfabeti chenye herufi 24, kwani Q na X hazina kazi katika Kiswahili.

Tom Feelings alizaliwa 1933 mtaa wa Bedford-Stuyvesant, Brooklyn. Alisomea uchoraji New York, akaingia jeshi la anga, ambako alipelekwa London na kupewa kazi hiyo hiyo ya kuchora. Mwaka 1958 alianza katuni yake, Tommy Traveler, katika New York Age, gazeti la weusi. Tommy ni mvulana anayezama vitabuni hadi akajiona yumo ndani ya historia yenyewe, uso kwa uso na watu kama Frederick Douglass, mpigania ukombozi wa watumwa. Wakati huo shule zilikuwa hazimfundishi mtoto mweusi habari hizo.

Alipenda kuchora watoto wa mtaani kwake. Amesimulia jinsi msichana mdogo alivyozitazama picha zake na kukataa katakata kwamba kitu cheusi kinaweza kuwa kizuri. Nadhani kazi yake yote iliyofuata ilikuwa jibu kwa mtoto yule.

Mwaka 1964 alihamia Ghana ya Rais Nkrumah, akafanya kazi katika shirika la uchapishaji la serikali. Mwenyewe alisema mkono wake ulibadilika huko: mwanga ukaanza kutoka ndani ya nyuso alizozichora. Nkrumah alipopinduliwa 1966, akarudi Marekani na kukuta wachapishaji wanawatafuta wachoraji weusi ambao jana tu hawakuwataka. Mwaka 1968 alichora To Be a Slave cha Julius Lester, kilichoandikwa kwa ushuhuda wa waliokuwa watumwa.

Kiswahili kililetwa na Muriel, aliyekuwa amefundisha Uganda. Nyakati nazo zilikuwa zake. Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi yenye nguzo saba zilizopewa majina ya Kiswahili, ilianzishwa 1966, na weusi wengi wa Marekani walikuwa wakiichukua lugha hii kama ya Afrika nzima, ingawa mababu zao wengi walitoka pwani ya magharibi. Kwa hiyo msomaji wa Tanga au Mombasa asitarajie darasa la lugha. Maelezo ni ya Kiingereza, na maisha yaliyochorwa ni ya Afrika Mashariki kwa jumla, bila mji wala kabila maalumu. Utamu wa vitabu hivi uko kwenye picha. Rangi ni chache na zimepoa, lakini watu wamesimama kwa utulivu wa watu walio kwao.

Kuanzia 1971 hadi 1974 aliishi Guyana, akiwafunza wachoraji vijana katika Wizara ya Elimu. Lakini kulikuwa na swali alilotoka nalo Ghana. Rafiki yake huko alimuuliza ni nini kiliwapata wale waliochukuliwa utumwani. Hakuweza kumjibu kwa mdomo. Alichora kwa takriban miaka 20, na mwaka 1995 kikatoka The Middle Passage: picha 64 za safari ya mateka kuvuka Atlantiki, nyeusi, nyeupe na kijivu, bila neno hata moja la kuzisimulia. Mwaka uliofuata kilimpatia tuzo ya Coretta Scott King. Kwangu mimi hicho ndicho kitabu chake kikubwa kuliko vyote, na kukosa maneno ndiyo nguvu yake, maana Mswahili, Mfante wa Ghana na Mmarekani wanakisoma sawasawa.

Feelings alifariki Agosti 2003, akiwa na umri wa miaka 70. Mzazi atakayevipata vitabu vyake ampe mtoto mdogo vile viwili vya Kiswahili. The Middle Passage akipitie kwanza peke yake, kwa sababu hakikuandaliwa kwa ajili ya mtoto wa chekechea.