Unataka kuunda apu ya Android? Hii ndio ramani, toka lapi hadi Play Store

Leo tunabonga stori ya apu. Si zile za kudownload. Ni zile unaunda mwenyewe, na mikono yako, kwa lapi yako.

Kila mtaa uko na chama, na kila chama iko na mweka hazina anatembea na daftari imekunjwa pembe. Msee akituma mia tano, meseji ya M-Pesa inaingia, yeye anaandika. Siku daftari ikinyeshewa ama jina lirukwe, vita inaanza. Ukiangalia hiyo ngori, unajiambia, "Hii si ni kitu naweza fanyia apu?" Unaweza. Tutatumia hiyo apu ya chama kama mfano hadi mwisho, juu ikihusu doo za wenyewe, makosa yako hayabaki kwa skrini. Yanamfuata mathe wa watu hadi kwa mlango.

Apu asilia ni gani sasa?

Kuna njia tatu za kufika kwa simu ya mtu. Ya kwanza ni tovuti, anaifungua kwa Chrome na maisha inaendelea. Ya pili ni zile apu unaandika mara moja zinadunda kwa Android na iPhone, vitu kama Flutter na React Native. Ya tatu ndio yetu, apu asilia. Hii unaiandikia mfumo mmoja tu, kwa lugha na vifaa vya wenye huo mfumo.

Ubaya wake ni moja, wenye iPhone wanabaki nje. Uzuri wake ni mob. Inaongea na simu moja kwa moja, kamera, alama ya kidole, notifikesheni na kazi za nyuma ya pazia. Android mpya ikitoka, huna haja ya kungoja mtu wa katikati akuletee hizo vitu. Na mara nyingi inakuwa nyepesi, jambo la maana sana kama wateja wako wako na simu ndogo zimejaa picha na video za WhatsApp.

Mbona Android?

Android ilianza kama kampuni ndogo huko California mwaka wa 2003. Google ikainunua 2005, na simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, ikaingia sokoni 2008. Hapa Kenya, wengi walishika Android mara ya kwanza na ile Huawei IDEOS ya mwaka wa 2011 hivi, iliyouzwa na Safaricom kwa bei ya karibu 8,000. Tangu hapo simu za bei ya chini zimekuwa za Android. Angalia mikono ya watu kwa matatu yoyote ya kwenda tao, utapata jibu.

Upande wa mfuko pia. Akaunti ya kuweka apu kwa Play Store ni dola 25, unalipa mara moja tu, hiyo ni kama 3,200 za Kenya. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, na kuunda apu ya iPhone vizuri unahitaji kompyuta ya Mac. Kama bado unasota, hesabu iko wazi.

Vifaa vya kazi

Unahitaji Android Studio, programu ya bure kutoka Google. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2014. Lapi yako iwe na RAM ya GB 8, hiyo ndio ya chini kabisa. Ukitaka kuwasha pia emuleta, yaani simu ya bandia inayofunguka ndani ya kompyuta, GB 16 ndio unapumua.

Kama huna lapi nzito, usife moyo. Achana na emuleta, tumia simu yako. Ingia kwa settings, tafuta palipoandikwa Build number, gonga mara saba. Simu itakuambia wewe sasa ni developa. Washa USB debugging, chomeka waya, na apu yako itafunguka kwa simu ya ukweli. Tena hiyo ndio pima safi, juu emuleta kwa lapi ya nguvu haiwezi kukuonyesha vile apu inakwama kwa simu ya RAM ndogo.

Na uweke bando kando. Mara ya kwanza Android Studio itavuta GB kadhaa. Tafuta Wi-Fi ya chuo ama ya beshte, usijaribu na bando ya mbao.

Lugha ni Kotlin

Zamani ilikuwa Java. Kotlin iliundwa na JetBrains, jina likatoka kwa kisiwa kilicho karibu na St. Petersburg huko Urusi. Toleo la 1.0 lilitoka 2016, Google ikaikubali rasmi kwa Android 2017, na 2019 ikasema sasa Kotlin ndio ya kwanza. Java bado inafanya kazi, lakini ukianza leo anza na Kotlin. Ni fupi, na inakulazimisha ufikirie mapema pale thamani inaweza kukosekana, kosa ambalo kwa Java liliangusha apu nyingi sana.

Sura ya apu, yaani vitufe, orodha na maandishi, unaichora na Jetpack Compose, iliyofika toleo la 1.0 Julai 2021. Unaandika skrini inafaa kukaa vipi kulingana na data iliyopo. Data ikibadilika, skrini inajichora upya yenyewe. Ukipata masomo ya zamani ya YouTube yamejaa faili za XML, jua hiyo ni njia ya kitambo. Si mbaya, lakini isikuchanganye.

Apu hufa, kuwa rada

Hapa ndio wengi huchoma. Apu yako si mwenye nyumba kwa simu. Ni mpangaji. Mathe anaandika mchango, simu inaita, anapokea, anabonga dakika kumi. Mfumo ukiona RAM imeisha, unaua apu yako kimya kimya ili call iendelee. Akirudi, fomu iko tupu. Hata kugeuza simu ilale kunaweza kubomoa skrini na kuijenga upya.

Dawa iko ya aina mbili. Vitu vya muda vya skrini viweke kwa ViewModel, hiyo inavumilia kugeuzwa kwa simu. Lakini apu ikiuawa kabisa, ViewModel inaenda nayo. Kwa hivyo kitu chochote ambacho kikipotea kitaleta vita, kihifadhi kwa databesi ndani ya simu mara moja. Room ndio inatumika sana, imekaa juu ya SQLite. Kanuni ni rahisi. Mchango ukishaandikwa, uwe umehifadhiwa kabla skrini iseme "imeingia".

Mtandao utapotea, panga mapema

Usijenge apu inayodhani intaneti iko kila saa. Chama inakutana kwa basement ya kanisa ama ushago, na bando ya mtu imeisha. Andika kwanza kwa Room, halafu utume kwa sava mtandao ukirudi. Kazi ya kutuma ipe WorkManager. Hiyo itangoja mtandao na kujaribu tena hata kama apu ilifungwa ama simu ilizimwa ikawashwa.

Lakini kujaribu tena kuna mtego. Apu inatuma mchango wa 500, sava inaupokea, halafu mtandao unakatika kabla jibu lirudi. Apu inadhani ilifeli, inatuma tena. Sasa mathe ameandikiwa 1,000 na alitoa 500. Ndio maana kila mchango lazima uwe na alama yake ya kipekee inayotengenezwa kwa simu kabla ya kutumwa. Sava ikiona alama ileile mara ya pili, inajibu "hii ninayo" na haihesabu tena. Kwa malipo ya M-Pesa, ile nambari ya herufi na tarakimu kumi kwa meseji inakusaidia zaidi, juu malipo mawili hayawezi kuwa na nambari moja.

M-Pesa ndani ya apu

Safaricom iko na mlango wa madeveloper unaitwa Daraja. Kuna uwanja wa majaribio wa bure, kwa hivyo unaweza kucheza nao kabla ya kuwa na Till ama Paybill ya kweli. Kitu wengi wanataka ni STK Push, ile dirisha inayoruka kwa simu ikimwambia mtu aweke PIN.

Shika mambo matatu hapa. Moja, funguo zako za siri za Daraja zisikae ndani ya apu. Faili ya apu inaweza kufunguliwa na mtu yeyote aliye na lapi na muda, na atazipata. Ziweke kwa sava yako, apu iombe sava, sava iombe Daraja. Mbili, dirisha kufika si pesa kufika. Mtu anaweza kughairi, kukosa salio ama kuchelewa. Ngoja jibu ambalo Safaricom inatuma kwa sava yako ndio uandike "amelipa". Likikawia, iulize Daraja hali ya hayo malipo, usikisie. Tatu, apu yako isiwahi kuuliza mtu PIN yake. Kamwe. PIN inaingia kwa dirisha la M-Pesa peke yake.

Ruhusa, usiwe mfukunyuku

Tangu Android 6.0 ya 2015, ruhusa nyeti kama kontakti, kamera na mahali ulipo zinaombwa apu ikiwa inatumika, na mtu anaweza kukataa. Sasa utajaribiwa, "si nisome tu SMS za M-Pesa nijaze michango yenyewe?" Google Play imebana sana ruhusa za SMS, na apu nyingi zinazoziomba bila sababu iliyokubaliwa hukataliwa. Mwache mathe abandike meseji mwenyewe, ama utumie Daraja.

Unakumbuka apu za mkopo zilizokuwa zinapigia beshte zako wote ukichelewa kulipa? Kontakti zilikuwa zinatolewa kwa simu kwa ruhusa ambayo mtu alibonyeza bila kusoma. Mwaka wa 2023 Google ilikataza apu za mikopo ya kibinafsi kugusa kontakti na picha. Na hapa Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ukikusanya jina, nambari na michango ya watu, sheria inakuhusu hata kama uko peke yako kwa keja. Chukua data unayohitaji tu, waambie ni ya nini, na uifute mtu akiondoka na huna sababu ya kisheria kuikalia.

Kupanda Play Store

Kama akaunti yako ni ya kibinafsi na ulifungua baada ya 13 Novemba 2023, huwezi kurusha apu hewani hivi hivi. Lazima upate wasee 12 waijaribu kwa siku 14 mfululizo. Wengi hukwama hapo wakitafuta watu wa kununua mtandaoni. Lakini wewe unaunda apu ya chama. Wanachama ndio wajaribu wako, na watakuambia ukweli bila huruma.

Mambo mengine ya kushika:

Jina la kifurushi, lile la mtindo wa ke.co.chamayetu, halibadiliki ukishachapisha. Fikiria kabla.

Apu mpya hupelekwa kama App Bundle, faili ya aab, tangu Agosti 2021. Play inakata sehemu ambazo simu husika inahitaji tu, upakuaji unakuwa mdogo.

Chagua kwa makini Android ya chini kabisa utakayohudumia. Ukiweka minSdk 24, unafikia simu za Android 7 kuendelea. Kabla ya kuchagua, uliza wanachama wako simu zao ni za gani.

Na ufunguo wa sahihi! Kila apu inatiwa sahihi, na simu inakataa sasisho lenye sahihi tofauti. Tumia Play App Signing ili Google iutunze ufunguo mkuu. Ule wako wa kupakia ukipotea, unaweza kuomba ubadilishwe. Ukigawa apu nje ya Play na ufunguo upotee, watu wote itabidi waitoe na kuweka upya, na data iliyokuwa kwa simu tu inaenda nayo. Uhifadhi mahali mbili, na paswadi yake pia.

Doo itatoka wapi?

Ukiuza vitu vya kidijitali ndani ya apu kupitia Play, ukijiandikisha Google hukata asilimia 15 ya dola milioni moja ya kwanza kwa mwaka. Bidhaa za kushika na huduma za nje ya simu, kama kuleta chakula, hazipiti huko. Hizo unalipwa na M-Pesa. Usitegemee matangazo ukiwa na watu 30. Chama kumi zikilipa kidogo kila mwezi kwa hesabu isiyopotea, hiyo ni mwanzo mzuri kuliko watu elfu waliodownload wakafuta.

Kwa hivyo anza hivi. Wiki hii, skrini moja tu, jina, kiasi, hifadhi. Ikidunda, iue apu kwa nguvu, zima data, geuza simu, washa tena. Mchango ukiwa bado upo, mpelekee mweka hazina. Lakini mwambie asitupe daftari bado. Aandike kote kuwili mwezi mzima. Siku hesabu mbili zitalingana hadi shilingi ya mwisho, hapo ndio utajua umeunda apu.