Intavyu ya Kazi: Maswali Utaulizwa na Venye Utayajibu Bila Kuchoma Picha

Umekanyaga lami miezi sita, CV umetuma hadi imeli imekuzoea. Sasa simu imelia: uje Jumatatu, saa tatu asubuhi, ubebe vyeti. Nauli umekopa, shati umekopa, na kwa benchi mtakuwa wengi mkingojea nafasi moja. Hapo sio pahali pa kwenda kubahatisha.

Habari njema ni hii: maswali ya intavyu hayabadilikangi sana. Iwe ni kol senta, supamaketi, duka la simu ama ofisi ya wadosi wa Upper Hill, utaulizwa karibu mambo yale yale. Tuyapitie moja moja.

Na kabla hatujaanza, shika hii. Intavyu nyingi Nairobi hufanywa kwa Kizungu. Panga jibu kichwani na lugha yoyote unayofikiria nayo, halafu liseme kwa Kizungu, kwa sauti, mara tatu nne ukiwa kwa keja. Jibu lenye halijawahi kutoka mdomoni litakwama mbele ya paneli.

1. "Tuambie kuhusu wewe"

Hapa ndio wasee wengi hupotelea. Mtu anaanza na kuzaliwa, anaenda praimari, anafika kwa ndugu zake sita. Paneli haikuuliza stori ya ukoo. Wanataka vitu vitatu: umekuwa ukifanya nini, hiyo inaingiana aje na hii kazi, na mbona uko hapa leo. Dakika moja na nusu inatosha.

Tuseme umeomba kazi ya kushika simu za wateja, na kitu umewahi kufanya ni kukaa kwa duka la M-Pesa mtaani. Usione haya. Jibu hivi: "Nimehudumia duka la M-Pesa Kayole miaka miwili. Kila jioni nilifunga hesabu mwenyewe na floti ikatoshana. Nimezoea kuongea na mteja mwenye amekasirika bila kupandisha sauti, na hiyo ndio kazi mnatafutia mtu."

Umeona? Hakuna digrii hapo ndani, lakini kuna mtu ako tayari kuchapa kazi.

2. "Mbona unataka kufanya kazi na sisi?"

Ukweli ni rent, na wao wanajua. Lakini kila mtu kwa hiyo benchi ana rent, so hiyo haikutofautishi na mwingine. Fanya homuweki. Ingia kwa tovuti yao na kwa kurasa zao za mitandao, usome wateja wanalalamikia nini. Kama ni duka, ingia wikendi kama mteja, angalia foleni na venye wafanyikazi wanaongea na watu. Ukisema "nilipita tawi lenu Jumamosi nikaona foleni ya malipo ni ndefu mchana, na mimi nimezoea kuhudumia watu wengi kwa haraka", hapo wataanza kuandika kitu.

3. "Udhaifu wako ni gani?"

"Mimi hufanya kazi kupita kiasi." Tafadhali, achana na hiyo. Wameisikia mara elfu. Chagua udhaifu wa ukweli, wenye hauui hiyo kazi yenyewe, halafu uonyeshe umeufanyia nini. Mfano: "Nilikuwa naona ngumu kuongea mbele ya watu wengi. Nikaanza kusoma matangazo kwa mikutano ya vijana mtaani, na sasa siogopi kama zamani." Kama kazi ni ya hesabu, usiseme hesabu hukulemea. Kama ni ya saa kumi na mbili asubuhi, usiseme kuamka ni shida.

4. "Tupe mfano wa shida uliwahi kutatua"

Swali hili linataka stori, na stori nzuri iko na hatua nne: hali ilikuwa gani, jukumu lako lilikuwa gani, ulifanya nini, ikaishia wapi. Turudi kwa lile duka:

"Mama mmoja alituma pesa kwa namba si yake, akaja dukani akilia akidhani tumemwibia. Mimi ndio nilikuwa zamu. Nikamkalisha, nikamwonyesha kwa mesej yake kwamba namba aliiandika mwenyewe, halafu nikamsaidia kutuma ile mesej kwa 456 ili aombe pesa irudishwe. Ilirudi, na akaendelea kuwa mteja wetu."

Andika stori tatu za aina hii kabla ya siku ya intavyu: moja ya mteja mgumu, moja ya kukosana na mwenzako, moja ya kufanya kazi na presha. Hizo tatu zitajibu maswali kumi. Na ziwe zako za ukweli, juu swali linalofuata huwa "halafu ikaendaje?" na hapo ndio stori ya kuundwa huanguka.

5. "Mbona hukumaliza chuo?" ama "Mwaka huu wote ulikuwa wapi?"

Hii naijua vizuri, juu mimi pia niliacha chuo. Sema ukweli kwa sentensi moja, kisha uhame. "Karo iliisha mwaka wa pili, nikaanza kufanya kazi. Tangu hapo nimeuza nguo, nimesoma kompyuta kwa simu, na najua kutumia spredishiti." Usilie, usilaumu mtu, na usiombe msamaha. Kama ulikuwa unauguza mzazi, sema hivyo tu. Hakuna aibu.

Kitu moja tu: usinunue cheti pale River Road. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa ripoti ikaonyesha zaidi ya vyeti feki 2,000 kwa ofisi za serikali, na wenyewe wanafuatwa. Afadhali uanze chini na karatasi safi.

6. "Unataka mshahara gani?"

Ukisema "chochote tu", utapewa chochote. Uliza wasee wenye wanafanya kazi kama hiyo wanalipwa ngapi, halafu utaje kiwango, kwa mfano "kati ya 30,000 na 35,000, na tunaweza kuongea."

Lakini piga hesabu ya makato kwanza. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa 30,000 unakatwa NSSF 1,800, SHIF 825 (asilimia 2.75), nyumba 450 (asilimia 1.5), na ushuru wa PAYE kama 730. Inabaki karibu 26,200. Toa nauli ya siku 26, toa lanchi ya kibanda, toa rent. Kama hesabu inakataa hata kabla hujaanza, ni heri ujue sasa kuliko mwisho wa mwezi.

7. Maswali ya kando

"Umeolewa?" "Uko na mimba?" "Nyinyi ni watu wa wapi?" Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mwajiri kukubagua kwa sababu ya kabila, mimba, dini, ulemavu ama hali ya HIV, na hiyo inaanza wakati wa kuajiri. Lakini uko kwa kiti na unataka kazi. Jibu kile kinawahusu: "Naishi Umoja, na shifti zenu nitafika bila shida." Huo ni mlango umefunga kwa heshima.

8. "Uko na swali lolote?"

Usiseme hapana. Uliza miezi mitatu ya kwanza utapimwa na nini. Uliza muda wa majaribio, juu kisheria hauzidi miezi sita, na kuuongeza ni hadi miezi sita mingine na lazima ukubali. Kama shifti inaisha usiku, uliza kama kuna gari ya kuwapeleka nyumbani. Mtu wa kuuliza hivi anaonekana anapanga kukaa.

Wakikuitisha pesa, hepa

Kazi ya ukweli haianzi na "tuma 1,500 ya fomu" ama "ya medikali" kwa namba ya mtu. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2022, mwajiri hafai kukuitisha cheti cha polisi, HELB ama CRB kabla hajaamua kukupa mkataba. So usiuze simu ndio ulipie karatasi za kazi hujapewa.

Siku yenyewe, panda mat mapema, upange jam ya Nairobi kama ni sehemu ya intavyu. Salimia soja na dada wa mapokezi kama unavyosalimia mdosi, juu mara nyingi huulizwa baadaye ulikuwa mtu wa aina gani. Ukitoka, andika kwa simu maswali yote yaliyokushinda kabla hujasahau. Wakikulenga, hiyo karatasi ndio utaenda nayo kwa intavyu inayofuata.