Kanzidata ya wateja na vifaa vyao: jinsi ya kuipanga

Mteja anafika kwa fundi kuchukua pampu yake ya maji. Daftari linasema: "Juma, pampu, 40,000." Lakini akina Juma ni wawili, pampu zinafanana, na haijulikani kama hiyo 40,000 imelipwa au inadaiwa. Ugomvi unaanzia hapo, na kumbe kosa ni la daftari.

Leo tunaeleza kanzidata, yaani kumbukumbu zilizopangwa kwa utaratibu kwenye simu au kompyuta ili zitafutwe kwa urahisi. Mfumo wa majedwali yanayohusiana ulielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi IBM nchini Marekani. Kwa ufupi, kila aina ya kitu huwa na jedwali lake, na majedwali huunganishwa kwa namba.

Kwa nini jedwali moja halitoshi?

Mama mwenye pampu, cherehani na redio ataandikwa mara tatu. Akibadilisha laini, fundi arekebishe mahali patatu. Akisahau pamoja, atabaki na namba mbili asijue ipi ni sahihi.

Majedwali matatu ya kuanzia

1. Wateja: namba ya mteja, jina, simu, kijiji.
2. Vifaa: namba ya kifaa, namba ya mteja mwenye kifaa, aina, namba ya kiwandani, alama zinazoonekana.
3. Kazi: namba ya kazi, namba ya kifaa, namba ya mteja aliyekileta, tarehe ya kupokea, tatizo, gharama, tarehe ya kuchukuliwa.

Tuseme mama huyo ni mteja namba 12 na pampu yake ni kifaa namba 45. Fundi anabandika 45 kwenye pampu. Akitafuta namba hiyo anamwona mwenye mali na kila tengenezo lililopita.

Mambo ya kuzingatia

• Usimtambue mteja kwa jina wala simu. Majina hufanana, laini hubadilishwa, na familia huweza kutumia simu moja. Mpe namba yake isiyobadilika.

• Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi. Ikihifadhiwa kama hesabu, sifuri ya mwanzo hupotea.

• Kifaa kikiuzwa, badilisha mwenye kifaa kwenye jedwali la Vifaa tu. Jedwali la Kazi libaki lilivyo, ili deni la mwenye zamani lisimwangukie mnunuzi.

• Kama wateja hulipa kidogo kidogo, ongeza jedwali la nne la Malipo: namba ya kazi, tarehe na kiasi. Deni ni gharama ukitoa jumla ya malipo.

Kanzidata iliyowekwa vizuri hukataa kupokea kifaa cha mteja ambaye hayupo kwenye orodha. Daftari haliwezi kukuzuia hivyo, lakini hata daftari lenye sehemu hizo tatu litakusaidia kabla hujapata programu.

Mwisho, weka nakala mahali pengine, maana simu huibiwa na huharibika. Funga simu kwa namba ya siri pia. Hapa Tanzania, majina na simu za wateja ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andika unachohitaji kwa kazi, basi.