Kufungua Loji, Kufunga Mlima

Novemba mwaka juzi nilipata kibarua cha wiki mbili juu ya Endebess. Loji moja ya zamani, isiyo mbali na lango la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, ilikuwa inafunguliwa tena kwa msimu wa Desemba. Mwenyewe anaishi Nairobi. Alinipigia simu kwa sababu rafiki yangu wa Kitale alimwambia kuna kijana fulani anaandika, alikuwa anasomea historia chuoni akaachia mwaka wa tatu, na hana kazi. Yote matatu yalikuwa kweli.

Mimi ni wa Bungoma. Mlima huu nimeuona maisha yangu yote, lakini kwa upande wetu, na kwa jina letu: Masaba. Kwetu ukiona wingu limekaa pale juu asubuhi, unaanua nguo. Sikuwahi kulala juu yake. Kitale mjini penyewe pako karibu mita 1,900 juu ya bahari, na kilele cha Koitobos kiko mita 4,222, kwa hiyo unaweza kukisia baridi inayoshuka usiku kutoka huko. Mvua ya upande huo huanza Aprili na mara nyingi haikubali kuisha mpaka Novemba. Sisi tulifika ikiwa bado inaaga, na ilikuwa inaaga kwa mawe. Siku ya kwanza gari lilikwama kwenye tope mara tatu, na magodoro mapya yakamalizia safari juu ya mkokoteni wa punda, yamefunikwa karatasi ya nailoni.

Nyumba iliyofungwa miezi saba mlimani ina harufu yake: majivu yaliyolowa, panya, na blanketi la sufu. Mlinzi wa pale, mzee wa Kisabaoti aliyeikaa nyumba hiyo zaidi ya miaka 30, alinipa mpangilio wa kazi kama anayesoma orodha kichwani. Kwanza madirisha yote, hata kama mvua inanyesha. Pili dohani, kwa sababu ndege hujenga ndani na ukiwasha moto bila kuangalia utajaza nyumba moshi. Tatu bomba la maji linalotoka kijitoni, ambalo huziba matope na majani. Nne moto. "Moto si wa siku moja," aliniambia. "Hizi kuta zimekunywa maji tangu Aprili. Ni siku tatu, mchana na usiku, ndiyo zitakubali." Tukawasha. Asubuhi ya pili nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na sisi ndani bado tulikuwa tunaona pumzi zetu.

Kazi yangu hasa haikuwa madohani. Mwenye loji alitaka historia ya nyumba, ukurasa mmoja, iwekwe kwenye fremu sebuleni. "Wageni wanapenda sana hiyo stori ya masetla," alisema kwenye simu. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Akarudisha ukurasa mmoja kasoro. Ninayoandika hapa ni yale yaliyokatwa, pamoja na yale ambayo hata kwenye ukurasa mmoja na nusu hayangeingia.

Historia ya kulala kwenye mlima huu ilianza zamani sana kabla ya masetla, na ilianzia mapangoni. Elgon ni volkano iliyozimika, na ubavuni mwake kuna mapango makubwa: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na mengine mengi. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipofika upande huu aliwakuta watu wakiishi humo na ng'ombe wao. Alishangaa sana, akakisia kwamba mapango hayo lazima yalichimbwa na watu wa kale waliokuja kutafuta vito au madini. Hakuweza kuamini kwamba waliokuwa mbele ya macho yake walikuwa na uhusiano wowote na ukubwa ule. Baadaye ikaja kueleweka kwamba wachimbaji wapo mpaka leo: ndovu. Wanaingia Kitum usiku, gizani totoro, wanapapasa kwa mkonga, wanakwangua ukuta kwa pembe na kula mwamba kwa sababu ya chumvi yake. Watu nao walichimba chumvi hiyo hiyo kwa ajili ya mifugo. Pango la Kitum linaingia mlimani karibu mita 200.

Miaka 7 baada ya Thomson, mwaka 1890, Frederick Jackson na Ernest Gedge walipanda mpaka kwenye kreta. Vitabu vinawataja wao wawili. Mizigo yao ilibebwa na wapagazi, na wapagazi wa misafara ya wakati ule wengi walitoka pwani. Nilipokuwa nimejikunyata mbele ya ile dohani nilimfikiria sana mtu wa pwani aliyezoea joto la minazi, amebeba mzigo kichwani, anaamka asubuhi kwenye sakitu ya Elgon. Hatuna kitabu chake.

Halafu ikaja serikali, na serikali haikupenda mapango. Kodi ya wakati huo ilikuwa kodi ya nyumba: karani anapita, anahesabu vibanda, anaandika. Pango halihesabiki. Huwezi kujua ndani kuna familia moja au sita, na mwenye nyumba akikuona unakuja anaingia gizani. Kwa hiyo watu waliamriwa watoke, wajenge nje, waonekane. Wakati huo huo uwanda ulio chini ya mlima ulikuwa unagawiwa wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuja wanajeshi wastaafu, wakaungana na Makaburu waliotangulia, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kuchukua mahindi yao. Ng'ambo hii ya mto Nzoia ikawa sehemu ya Nyanda za Wazungu. Tume ya ardhi ya Carter ilipozunguka mwaka 1932 na 1933 kusikiliza madai ya wenyeji, uwanda haukurudishwa. Waliobaki walibaki juu, kwenye msitu na nyika za Chepkitale.

Loji yetu ilizaliwa katika miaka hiyo, kama nyumba ya shamba. Kwenye fremu ya sebuleni, hapa ndipo historia inapoanzia: setla, ng'ombe wa maziwa, mti wa podo uliopasuliwa mbao za sakafu. Sisemi ni uongo. Sakafu ni nzuri kweli, nimeipiga nta mwenyewe kwa magoti.

Mwaka 1925 alikuja mgeni mwingine ambaye mwenye loji angempenda sana kama angelala kwake: Carl Jung, yule daktari wa nafsi kutoka Uswisi. Alipita Kakamega akapiga kambi kwenye miteremko ya kusini ya mlima, kati ya Waelgonyi. Alikuwa anatafuta ndoto za watu. Anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba mzee mmoja mganga alimweleza kuwa ndoto kubwa zimekoma tangu Waingereza waje. Zamani ndoto ziliwaambia lini kuna vita au ugonjwa, sasa anayejua hayo ni Mkuu wa Wilaya. Jung aliliona hilo kama jambo la kiroho. Mimi nikikumbuka karani na daftari lake la vibanda, naona mzee yule alikuwa anaongea pia mambo ya ofisi, na kwa lugha iliyonyooka kabisa.

Upande wetu wa Bungoma, mlima ulikuwa mahali pa kusali. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa mchezaji hodari wa kandanda kabla ya kuwa nabii, aliwaelekeza wafuasi wa Dini ya Msambwa kwenye Masaba kama Wakristo wanavyoelekezwa Sayuni. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake pale Malakisi, dini ikapigwa marufuku, naye akazuiliwa mpaka karibu na uhuru. Uhuru ukaja, dini ikaruhusiwa, kisha mwaka 1968 serikali yetu wenyewe ikaipiga marufuku tena. Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akilitaja jina la Masinde kwa sauti ya chini hata miaka ya 2000, kana kwamba chifu yuko dirishani.

Mwaka huo huo wa 1968, upande wa Kitale, ilitangazwa mbuga ya kitaifa: kilomita 169 za mraba, na mapango ndani yake. Sijui kama kuna mtu aliyekaa ofisini Nairobi akayaweka mambo hayo mawili pamoja. Lakini kwa mtu wa mlima mwaka ulikuwa mmoja. Huku huruhusiwi kusali unakoelekea, kule huruhusiwi kuingia alikozaliwa babu yako, isipokuwa ukate tikiti.

Wageni walikuja, na loji ikawa loji. Kisha mapema 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alitembelea Kitum, akaugua, akafia Nairobi kwa virusi vya Marburg. Daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, aliambukizwa akapona. Mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki aliyeingia pango hilo naye akafa. Watafiti walikuja wamevaa mavazi kama ya wanaanga, wakatafuta, wakatoka mikono mitupu. Miaka karibu 20 baadaye virusi hivyo vilipatikana kwa popo wa mgodi wa Kitaka, Uganda. Kuhusu Kitum kiliandikwa kitabu kilichosomwa dunia nzima. Mzee wangu hajakisoma, lakini anajua matokeo yake: "Watu walianza kuuliza pango liko umbali gani kutoka kitandani."

Haya nayajua kwa kusoma. Yanayofuata nilikutana nayo kwenye kitabu cha wageni.

Siku ya tano, moto ukiwa umeshinda, nilikuwa napanguza kabati nikapata vitabu vinne vya wageni, vimevimba kwa unyevu. Nikaviweka karibu na jiko vikauke, nikaanza kusoma. Wengi husifu supu na kulalamikia baridi. Lakini katika kitabu cha tatu, baada ya ukurasa wa katikati ya 2006, ukurasa unaofuata ni wa 2009. Hakuna karatasi iliyochanwa. Hakuna mgeni tu.

Ilibidi nisimame kidogo. Miaka hiyo naijua kutokea upande wa pili. Serikali iliwahi kuwahamisha watu wa Chepkitale ikawapeleka kwenye skimu ya makazi ya Chebyuk tangu 1971, na ugawaji wa ardhi pale ukafanywa ukarudiwa, wenye karatasi wakapokonywa, wasio na karatasi wakapewa. Mwaka 2006 likaibuka kundi la SLDF. Human Rights Watch walikadiria kwamba liliua zaidi ya watu 600. Machi 2008 jeshi likaingia na Operesheni Okoa Maisha, na ripoti hiyo hiyo inaeleza jinsi wanaume walivyokusanywa kwa mamia, wakapigwa na kuteswa kwenye kambi ya Kapkota.

Mimi nilikuwa darasa la tano nje kidogo ya Bungoma. Tuliletewa wanafunzi wapya kutoka mlimani, mmoja akakalishwa kwenye dawati langu. Hakuvua sweta hata jua la mchana. Siku helikopta ilipopita alishuka chini ya dawati polepole, bila kelele, kama mtu anayetafuta kalamu. Sisi tukacheka. Nilicheka pia. Muhula uliofuata hakuwepo, na hakuna aliyeuliza.

Nilimwonyesha mzee ule ukurasa. Aliutazama muda mrefu. "Mwaka huo nilifungua hivyo hivyo," alisema. "Nikasafisha dohani, nikawasha moto siku tatu. Hakuna aliyekuja. Nikafunga." Nikamuuliza kwa nini alifungua kama alijua hakuna atakayekuja. Akasema nyumba isipofunguliwa inaoza.

Basi niliandika yote hayo kwa ufupi: mapango, kodi, 1968, ule ukurasa. Nikaongeza kwamba Septemba 2022 mahakama ya ardhi pale Bungoma iliamua kuwa Chepkitale ni ardhi ya jamii ya Waogiek, baada ya kesi iliyochukua miaka 14. Mwenye loji alinijibu kwa adabu kwamba wageni wako likizo. Pesa yangu alituma jioni hiyo hiyo, yote. Nikaipokea, nikalipa deni la nyumba Kitale. Sitajifanya nilikataa.

Usiku wa mwisho mzee aliniuliza kama nimeandika pango la babu yake. Nikasema niliandika, limekatwa. Akasema basi nimsomee lililokatwa. Nikasoma kutoka kwenye daftari, nikitafsiri palipokuwa na Kiswahili cha vitabu. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba watu walivumilia baridi mapangoni, alininyanyulia mkono.

"Hapo umekosea, kijana. Mlangoni tulikuwa tunaweka uzio wa miti. Ng'ombe wanaingia jioni, ndama wanalala ndani kabisa na watoto. Moto mmoja unatosha." Akaonyesha kuta za loji, ambazo siku ya kumi na mbili bado zilikuwa zinatoka jasho. "Mle hakukuwa na baridi. Andika hiyo."