Bomba Chini ya Mchanga

Mito mingi ya kaunti za Kitui na Makueni, nchini Kenya, hupitisha maji kwa siku chache tu katika mwaka. Tiva, Nzeeu na vijito vyao hufurika mvua za Machi hadi Mei zinapopiga, hufurika tena kati ya Oktoba na Desemba, kisha hugeuka njia pana za mchanga ambamo mbuzi na punda hupita bila kulowa kwato. Hata hivyo, sehemu ya mafuriko hubaki chini. Mchanga wa huko umetokana na miamba mikongwe iliyomomonyoka na kuacha punje kubwa kubwa, na kati ya punje hizo maji hupata mahali pa kukaa. Mita moja ya ujazo ya mchanga wa punje kubwa ikilowa kabisa huweza kutoa lita 250 hadi 350. Tope laini la ujazo huohuo hutoa takriban lita 50, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mengi yaliyofuata.

Wakamba, wenyeji wa huko, waliyajua haya muda mrefu kabla ya saruji. Walichimba mashimo kwenye mito mikavu, wakachota maji kwa kata na kuzungushia miiba ili mifugo isiyachafue. Palipoota mkuyu ukingoni palichimbwa kwanza, kwa kuwa mti huo haustawi mbali na maji. Jina la Kithimani, ng'ambo ya mpaka katika Machakos, limetokana na kithima, yaani kisima. Kiangazi kilivyoendelea ndivyo shimo lilivyokwenda chini, hadi mchimbaji akahitaji vidato vya kushukia. Maji yalikuwa matamu kuliko ya visima virefu, ambavyo katika sehemu nyingi za Kitui hutoa maji ya chumvi.

Wazo la kuukinga mchanga wenyewe kwa ukuta liliingia katika kazi za serikali enzi ya ukoloni. Mpango wa maendeleo ya ardhi uliojulikana kama ALDEV, ulioendeshwa kati ya 1946 na 1962, ulijenga kuta kwenye mito ya Ukambani katika miaka ya 1950, pamoja na mabwawa ya udongo na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi hizo hazikupokewa kwa shangwe. Mwaka 1938 serikali ilikuwa imewanyang'anya watu ng'ombe kwa hoja ya kuokoa udongo, na Muindi Mbingu akaongoza maandamano ya maelfu hadi Nairobi. Waliokumbuka hayo hawakuwa na sababu ya kuupenda mradi mwingine wa udongo, hata kama huu uliahidi maji.

Ufundi wenyewe ni rahisi kueleza. Mtaro huchimbwa kukata mto hadi kwenye mwamba, ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu yake, na katikati huachwa chini kidogo kuliko mabawa ili mafuriko yapite hapo bila kula kingo. Maji yanayokwenda kasi hubeba tope juu ya ukuta na kuangusha mchanga nyuma yake. Baada ya msimu mmoja au kadhaa bwawa hujaa mchanga hadi ukingoni, na hapo ndipo huanza kufaa. Chini ya sentimita 60 hivi jua halinyonyi maji ya maana, na mbu hawana pa kutagia. Kosa la kawaida ni pupa. Nchini Namibia mafundi walipandisha ukuta kwa awamu ili tope lioshwe. Ukijengwa mara moja mahali pasipofaa, hujaa tope na kubaki sanamu ya mawe.

Ueneaji mkubwa ulikuja baada ya uhuru, na haukutoka ofisini. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, eneo la Kola, Machakos, jirani na Makueni ya leo. Kitui, shirika la SASOL la Profesa Gideon-Cyrus Mutiso lilianza kujenga katikati ya miaka ya 1990, na kwa takriban miaka 10 likasaidia kusimamisha zaidi ya mabwawa 500, mengine yakifuatana kwenye mto mmoja kama ngazi. Nguvu kazi ilikuwa mwethya, desturi ya kusaidiana kazi kwa zamu. Wanavikundi, wengi wao wanawake, walikusanya mawe, mchanga na maji. Wafadhili walileta saruji, nondo na fundi.

Lililosumbua zaidi ni namna ya kuyatoa maji. Njia moja ni bomba lenye matundu, lililofungwa kitambaa cha kuchujia na kulazwa juu ya mwamba kabla mchanga haujajaa. Hupenya ukuta na kuishia kwenye mfereji upande wa chini, maji yakishuka yenyewe, yakiwa yamechujwa na mita kadhaa za mchanga. Lakini matundu yakizibwa na tope, hakuna wa kuyafikia bila kufukua bwawa, na mfereji ukivunjika bila kuzibwa, akiba ya msimu mzima humwagika. Kwa hiyo wajenzi wengi waliona heri kisima kando ya mto chenye pampu ya mkono, ambayo nayo husimama vipuri vikikosekana. Mashimo ya zamani hayakuachwa. Hukaribisha uchafu wa mifugo, lakini hayana kifaa cha kuharibika, na hiyo ni sifa kubwa mahali ambapo fundi yuko mbali.

Kisha mchanga ukapata bei. Majengo ya Nairobi yalivuta malori hadi kwenye mito ya Makueni, yakaleta ugomvi uliofikia kumwaga damu, na mwaka 2015 kaunti ikatunga sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga. Lori linalopakia nyuma ya bwawa huondoa tangi na chujio kwa pamoja. Maji machache yanayosalia hukaa karibu na jua, na bomba lililofukiwa siku ya ujenzi hubaki wazi juu ya mwamba, matundu yake yakionekana.